Kadi ya mtandao na kesi isiyo yake: kutafuta hitilafu kwenye kompyuta kuukuu ya Linux

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na watu wengi wenye kompyuta za mezani za miaka kumi au kumi na tano wakaamua kuzihamishia Linux badala ya kuzitupa. Ni mashine zilizotumika maofisini Ulaya, zikashushwa Mombasa na Dar es Salaam kwa makontena, zikapita Luthuli Avenue au Kariakoo, zikaishia kwenye maabara za shule, steshenari na ofisi ndogo za uhasibu. Linux huzifaa sana. Halafu asubuhi moja mashine inawaka vizuri, kila kitu kiko mahali pake, ila mtandao haupo. Hukumu hutolewa hapohapo: kadi imeungua, nunua nyingine.

Hukumu hiyo mara nyingi ni ya haraka mno. Lalamiko la "hakuna mtandao" hubeba maswali kadhaa yasiyofanana. Je, kompyuta inajua kwamba kadi ipo? Kerneli, yaani kiini cha Linux, ina draiva, programu ya kuzungumza nayo? Kadi inasikia uhai upande wa pili wa kebo? Pakiti, yaani vipande vya data, zinafika zikiwa nzima? Mashine ina anwani na njia ya kutokea? Kadi yenyewe inahusika na baadhi tu ya hayo. Mengine ni ya kebo, ya swichi inayounganisha kompyuta za ofisi, ya faili la mipangilio, hata ya saa ya kompyuta. Ubaya ni kwamba yakifika kwenye kivinjari, yote huvaa sura moja.

Kwa hiyo anayeuliza kwa mpangilio humshinda anayejua amri nyingi. Fundi anayebadilisha kebo, draiva na kadi kwa mkupuo mmoja anaweza kufanikiwa, lakini hatajua nini kilimponya mgonjwa, na wiki ijayo akiletewa mashine nyingine ataanza upya gizani.

Kuna jaribio moja linalopendwa sana ambalo halithibitishi chochote kuhusu kadi: kuandika `ping 127.0.0.1`, amri inayotuma pakiti ndogo na kungoja jibu, kuona majibu yanarudi, kisha kutangaza kwamba kadi ni nzima. Anwani hiyo huishia ndani ya kerneli. Pakiti haigusi kadi, wala draiva yake, wala kebo. Hata uki-ping anwani ya IP ya mashine hiyohiyo, tuseme 192.168.1.20, Linux hutambua kwamba ni yake na kuimaliza safari ndani kwa ndani. Unaweza kung'oa kadi ukaiweka mezani na 127.0.0.1 ikaendelea kujibu bila wasiwasi.

Kadi inaonekana?

Anzia chini kabisa. Fungua teminali uandike `lspci -nnk`, kisha tafuta mstari wenye maneno "Ethernet controller". Kwenye mashine nyingi utakutana na kitu kama hiki:

`03:00.0 Ethernet controller [0200]: Realtek ... RTL8111/8168 ... [10ec:8168]`
`Kernel driver in use: r8169`

Namba zilizo ndani ya mabano ya mwisho ndizo kitambulisho halisi. 10ec ni Realtek, 8086 ni Intel, 14e4 ni Broadcom. Jina lililochapwa kwenye boksi la kadi lisikuhangaishe. Kampuni nyingi huuza kadi kwa majina yao huku ndani kukiwa na chipu ileile ya Realtek. Unapotafuta msaada, tafuta kwa kitambulisho, usitafute kwa jina la boksi.

Kama mstari huo haupo kabisa, draiva haina kosa, kwa sababu mambo bado hayajafika kwake. Kadi haionekani kwenye basi la PCI, njia ya data inayounganisha kadi na kompyuta. Ingia BIOS, mipangilio ya kompyuta kabla ya mfumo kuwaka, uangalie kama kadi ya ndani ya mazabodi (bodi kuu) imezimwa. Kama ni kadi ya kuchomeka, zima mashine, toa waya wa umeme, ing'oe, futa meno yake ya shaba kwa kifutio safi cha penseli, irudishe au ihamishie sloti nyingine. Kwa mashine zilizokaa Tanga, Lamu au Zanzibar hatua hii si ya kupuuza: hewa ya chumvi huacha ukungu wa kutu usioonekana vizuri kwa macho, na kadi inayoonekana leo na kupotea kesho mara nyingi inalia mgusano mbovu tu.

Ipo hali ya tatu, ya ajabu kidogo. Mstari upo, lakini mwishoni umeandikwa "(rev ff)", na ukiomba maelezo zaidi `lspci` inalalamika kuhusu "Unknown header type 7f". Hiyo maana yake kadi ilionekana wakati mashine inawaka, kisha ikaacha kujibu; kila swali inaloulizwa linarudi likiwa na biti zote za 1, na hizo kwa hesabu za mashine husomeka ff. Sababu inaweza kuwa joto, umeme dhaifu, au mfumo wa kuokoa nishati ulioilaza kadi ikashindwa kuamka. Kwenye mashine za PCI Express jaribu kuwasha kerneli kwa kuongeza `pcie_aspm=off` kwenye mstari wa GRUB, programu inayoiamsha Linux. Tatizo likiisha, kadi umeiokoa bila kutoa shilingi.

Ugonjwa wa kulala una jamaa yake mwingine kwenye kompyuta zenye Windows na Linux pamoja. Windows ikizimwa huweza kuiacha kadi ya Realtek kwenye usingizi mzito, na Linux ikiwaka baadaye inaikuta haina ishara ya kebo, taa zimezimika. Kuwasha upya hakusaidii, kwa kuwa mazabodi huendelea kuipa kadi umeme mdogo hata kompyuta ikiwa imezimwa, ili iweze kuamshwa kutoka mbali. Chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili mabaki ya umeme yaishe, ngoja kidogo, kisha washa ukiingia Linux moja kwa moja. Kadi ikifufuka, rudi Windows uzime mpangilio wa kuamsha kompyuta kwa mtandao inapozimwa.

Draiva, fimuwea na jina lililobadilika

Kadi inaonekana lakini mstari wa "Kernel driver in use" haupo? Sasa ni zamu ya programu. Soma `dmesg`, yaani logi (kumbukumbu ya matukio) ya kerneli, na usisome chote. Chuja kwa jina la draiva unayoitarajia, kama `dmesg | grep -i r8169`.

Realtek ndiyo itakayokupa kazi zaidi, kwa sababu tu imejaa kila mahali. Chipu yao ya zamani, RTL8139 ya megabiti 100, ilikuwa rahisi kiasi kwamba Bill Paul, aliyeuandikia mfumo wa FreeBSD draiva, aliacha maelezo ndani ya msimbo akisema kadi hiyo imeipa hali ya chini maana mpya. Alikuwa na haki, ila zilidumu: draiva ya Linux, `8139too`, bado inafanya kazi. Familia ya 8168 iliyofuata ina matoleo mengi yaliyojificha chini ya kitambulisho kimoja, 10ec:8168, na draiva ya kerneli, `r8169`, hulazimika kuyatambua moja moja. Ndiyo maana mtu mmoja atakuambia r8169 haina shida na mwingine aape kwamba ni lazima kuweka `r8168` inayotoka Realtek wenyewe. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli, kila mmoja kwa chipu yake. Ushauri wangu: baki na r8169 kwenye kerneli mpya kadiri mashine inavyoruhusu, na uijaribu ile nyingine pale tu unapoona ushahidi kwenye logi. Ukiziacha zote mbili zikigombania kadi moja, umejitengenezea tatizo jipya.

Chipu nyingine huhitaji fimuwea, yaani programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi kila inapowashwa. Broadcom za draiva `bnx2` bila fimuwea yao hazifanyi lolote. Realtek nyingi hulalamika kwenye logi kwamba faili fulani la `rtl_nic` halikupatikana, kisha huendelea kufanya kazi hivyohivyo, kwa hiyo ujumbe huo peke yake usikutishe. Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, ilianza kuweka fimuwea zisizo huria kwenye kisakinishi chake rasmi kwenye toleo la 12, mwaka 2023. Mashine zilizowekewa matoleo ya kabla ya hapo zinaweza kuwa hazina. Na hapo unakutana na kitendawili: unahitaji mtandao ili upakue kinacholeta mtandao. Jibu liko mfukoni. Chomeka simu kwa kebo ya USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, na Linux itaiona kama kadi mpya bila kuwekewa kitu. Njia hiyo pia ni kipimo kizuri. Kama intaneti inapita kwa simu, basi kivinjari na sehemu kubwa ya mfumo viko sawa, na umebaki na kadi, kebo na mipangilio yake.

Kisha kuna jambo la majina, ambalo limewafanya watu wengi watupe kadi mpya kabisa. Kwenye Linux za zamani, kama Debian za kabla ya toleo la 9 au CentOS 6, kulikuwa na faili lililoitwa `/etc/udev/rules.d/70-persistent-net.rules`. Kazi yake ilikuwa kukumbuka kwamba kadi yenye anwani fulani ya MAC, namba ya utambulisho ya kadi, inaitwa eth0. Ukiitoa kadi iliyoungua na kuweka nyingine, mfumo unaona MAC ngeni, unaiheshimu eth0 kama jina la marehemu, na kuipa mpya jina la eth1. Lakini faili la mipangilio bado linaiamuru eth0 ndiyo ichukue anwani. Matokeo: kadi nzima, kebo nzima, na mtandao hamna. Unanunua kadi ya pili, inakuwa eth2. Dawa ni kufuta mistari ya zamani ndani ya faili hilo na kuwasha upya.

Tangu toleo la 197 la systemd, programu inayosimamia huduma za Linux, mwaka 2013, majina yametolewa kwa mahali kadi ilipochomekwa: enp3s0 ni ile iliyo kwenye basi la 3, sloti 0. Tatizo la kwanza likaondoka, likaja lingine dogo. Ukihamisha kadi sloti, jina hubadilika. Hata ukiongeza kadi ya michoro bila kuigusa kabisa ya mtandao, namba za mabasi zinaweza kusogea na enp3s0 ikaamka ikiwa enp4s0. Kabla hujasema kadi imekufa baada ya kufungua kasha la kompyuta, andika `ip link` ulinganishe jina unaloliona na lililoandikwa kwenye mipangilio. Ni kazi ya nusu dakika.

Kebo, na kasi inayodanganya

Amri hiyohiyo ya `ip link` ndiyo inayokuvusha kwenda swali linalofuata. Ndani ya mabano ya pembe utaona maneno kama UP na LOWER_UP. La kwanza linasema wewe umeamuru kadi iwake; la pili linasema kadi inasikia mwenzake kwenye kebo. Ukiona UP pamoja na NO-CARRIER, draiva imetimiza wajibu wake na kadi inasikiliza kimya kitupu. Hapo watu wengi hukimbilia kuweka upya mfumo wote, jambo lisilo na maana yoyote: hakuna faili la mipangilio linalounganisha shaba iliyokatika.

Kebo ya kawaida ina nyaya nane katika jozi nne. Mtandao wa megabiti 100 hutumia jozi mbili tu, zile za pini 1, 2, 3 na 6. Gigabiti hutumia zote nne. Kutokana na hilo, kebo yenye waya mmoja uliolegea kwenye pini 4, 5, 7 au 8 inaweza kufanya kazi bila dosari kwenye swichi ya zamani ya megabiti 100, kisha siku ofisi inaponunua swichi mpya ya gigabiti, kompyuta inaanza kupata na kupoteza mtandao kila baada ya sekunde kadhaa. Pande mbili zinaulizana uwezo, zinakubaliana gigabiti, zinajaribu, zinashindwa, zinaanza tena. Logi inajaa "Link is Up" na "Link is Down" zikipishana. Kadi nyingine zina busara ya kushuka zenyewe hadi 100, na hapo lalamiko linakuwa la polepole badala ya kukatika. Kwa vyovyote vile, anayelaumiwa ni kadi, au swichi mpya.

`ethtool enp3s0` itakuonyesha kasi iliyokubaliwa na uwezo uliotangazwa na kila upande. Kama pande zote zinatangaza 1000 lakini kasi ni 100, shuku kebo kabla ya kitu kingine chochote, hasa kama ni ile ya bei nafuu ambayo ndani yake ni alumini iliyopakwa shaba. Alumini hiyo hukatika kwa kukunjwa mara chache, na kichwa kilichokrimpiwa vibaya huilegeza zaidi. Jaribu kwa kebo fupi unayojua ni nzima, iliyochomekwa moja kwa moja kwenye swichi, bila kupitia tundu la ukutani.

Sasa hali ngumu zaidi: mtandao upo, ping inajibu vizuri, lakini kunakili faili kubwa kunakokota. Hapa unahitaji hesabu. `ip -s link show enp3s0` inatoa idadi ya makosa, na `ethtool -S enp3s0` inayachambua kwa aina. Angalia namba, nakili faili kubwa, angalia tena. Namba iliyosimama haina habari hata kama ni kubwa. Inayopanda ndiyo inayozungumza. Makosa ya CRC yakipanda, pakiti zinafika zikiwa zimeharibika njiani: kebo, kichwa chake, au kebo iliyolazwa sambamba na nyaya za umeme mkubwa.

Ukiona "late collisions" (migongano ya kuchelewa), simama kabisa. Hiyo karibu kila mara ni ndoa mbovu ya mipangilio: upande mmoja unazungumza na kusikiliza kwa wakati mmoja, mwingine unazungumza kwa zamu. Hutokea mtu anapoilazimisha swichi iwe 100 full (megabiti 100, kuzungumza na kusikiliza kwa pamoja) kwa mkono, huku kadi ikiachwa ijitafutie. Kadi inaweza kuhisi kasi kutokana na mawimbi yenyewe, lakini namna ya kuzungumza haiwezi kuihisi, na kanuni ya Ethernet inasema ikikosa kuambiwa ichukue ya zamu. Pakiti ndogo za ping hupita kwa sababu ni chache na fupi. Mzigo mkubwa unagongana. Katika ofisi zenye swichi za miaka ya 2000 mwanzoni mipangilio hii ya mkono ilikuwa desturi, kwa nia njema, na bado inakaa humo ikisubiri kompyuta itakayokuja. Acha pande zote mbili zijadiliane zenyewe. Kwa gigabiti ya kebo ya shaba huna hiari: majadiliano ni sehemu ya kiwango chenyewe.

Uthibitisho mwepesi kuliko yote kwamba kadi inasema na kusikia ni `ip neigh`. Jaribu ku-ping rauta, kisha andika amri hiyo. Ukiona anwani ya rauta ikiwa na MAC yake na neno REACHABLE, swali lilitoka kwenye kadi, likafika, jibu likarudi. Kadi iko huru na kesi. Kinachobaki ni DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani), njia ya kutokea, au bando lililokwisha. Ukiona INCOMPLETE au FAILED, rudi chini. Na mashine ikijipa anwani inayoanza na 169.254, jua iliomba anwani kwa DHCP, huduma inayogawa anwani, na haikusikia jibu. Hilo linaweza kuwa kosa la kadi, lakini pia la rauta iliyokwama.

Kisa cha saa nacho hakikosi kwenye mashine za umri huu. Betri ndogo ya mazabodi, ile CR2032, huisha baada ya miaka kadhaa. Umeme ukikatika usiku, asubuhi kompyuta inaamini iko miaka mingi nyuma. Ping inajibu, `ip neigh` inasema REACHABLE, lakini kila tovuti ya HTTPS inakataa, kwa sababu cheti chake kinaonekana bado hakijaanza kutumika. Andika `date` mapema. Betri hiyo ni bei ya soda, na ikiisha huenda ikairudisha BIOS kwenye mipangilio ya kiwandani, ikiwemo ya kadi.

Wakati kadi ni mgonjwa kweli

Kadi hukosea, na hukosea kwa namna zinazotambulika. Ujumbe "NETDEV WATCHDOG ... transmit queue 0 timed out" unasema kerneli ilikabidhi pakiti na kadi haikurudisha neno kwamba imetuma. Kwenye mashine zenye sloti za PCI za zamani, kabla ya kuihukumu, angalia `/proc/interrupts` mara mbili huku ukijaribu kutuma. Kama hesabu ya kadi haipandi, huenda kadi inapiga hodi na hodi haifiki, kwa sababu laini ya kukatiza kazi (IRQ) inagombaniwa na kifaa kingine. Logi ikiwa na "irq 11: nobody cared", ndiyo hiyo. Hamisha kadi kwenda sloti nyingine kabla ya kuanza kuchezea vigezo vya kerneli. Sloti huwa na laini tofauti.

Ujumbe unaotisha zaidi kwenye kadi za Intel ni ule unaosema checksum (hesabu ya kuhakiki) ya NVM si sahihi. NVM ni kumbukumbu ya kudumu ya kadi inayohifadhi anwani ya MAC na mipangilio ya msingi. Ikiharibika, draiva hugoma. Mwaka 2008 jambo hili lilitokea kwa namna iliyowashtua watengenezaji wa Linux wenyewe: kerneli 2.6.27 ikiwa bado kwenye majaribio, kadi za Intel zinazotumia draiva `e1000e` zilianza kufutika kumbukumbu hiyo, na kwa mwenye kompyuta ilikuwa sawa na kadi kufa. Macho yote yakaielekea draiva. Baadhi ya wasambazaji waliizima kabisa kwenye matoleo yao ya majaribio. Mkosaji alikuja kugundulika kuwa ftrace, chombo cha kufuatilia mwenendo wa kerneli kisichohusiana na mtandao hata kidogo: kilikuwa kikirudi kuandika mahali palipowahi kuwa na msimbo, wakati sehemu hiyo ya anwani ilikwisha kukabidhiwa kumbukumbu ya kadi. Kerneli 2.6.27.1, Oktoba mwaka huohuo, ilikizima chombo hicho. Waliokuwa wamehifadhi nakala ya kumbukumbu ya kadi zao waliweza kuzirudisha. Ukiwa na mashine unayoitegemea, `ethtool -e enp3s0 > kadi.txt` leo, ikiwa ingali nzima, ni kazi ndogo yenye faida.

Muuaji mkuu wa kadi katika ukanda wetu, hata hivyo, ni radi, na mara nyingi haiingii kwa waya wa umeme bali kwa kebo ya mtandao. Vipimo vya satelaiti vilivyotangazwa mwaka 2016 viliiweka Kabare, mashariki mwa Kongo, ya pili duniani kwa wingi wa radi, baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Maeneo ya Ziwa Victoria nayo yanafahamika vizuri. Kila tundu la Ethernet lina transfoma ndogo zinazotenganisha kebo na chipu, zinazotakiwa kustahimili volti 1500. Kebo iliyovutwa nje kutoka jengo moja hadi jingine hukusanya zaidi ya hapo bila radi kuipiga yenyewe. Ikipiga karibu inatosha.

Dalili ya kadi iliyopigwa hivyo inapotosha sana. Chipu ina pande mbili: unaozungumza na kompyuta na unaozungumza na kebo. Upande wa kebo ndio unaoungua. `lspci` inaiona kadi, draiva inapakiwa bila kulalamika, MAC inasomeka, na NO-CARRIER haiondoki kwa kebo yoyote, kwenye tundu lolote la swichi. Au taa inawaka lakini pakiti zilizopokelewa zinabaki sifuri huku zilizotumwa zikipanda. Ili kuwa na uhakika, unganisha kompyuta moja kwa moja na laptop unayojua inafanya kazi. Kadi za gigabiti hujipanga zenyewe. Mbili za megabiti 100 za zamani zitahitaji kebo ya kuvuka (crossover). Kisha washa mashine kwa Linux ya kwenye flashi, ya toleo jingine kabisa. Kadi ikiendelea kunyamaza chini ya mfumo mgeni, kwa kebo ngeni, mbele ya mwenzake mgeni, hakuna tena wa kumsingizia. Kadi za kuchomeka zina kipimo cha wazi zaidi: ihamishie kompyuta nyingine.

Kama ni ya ndani ya mazabodi, usijaribu kuichomelea. Kadi ya PCI Express yenye chipu ya Intel iliyotumika ni chaguo ninalolipendelea kwa mashine ya kazi. Adapta za USB zenye chipu ya RTL8153 au AX88179 zina draiva ndani ya kerneli na hazihitaji kufungua kasha, ila kompyuta za umri huu nyingi zina USB 2.0, ambayo kikomo chake ni megabiti 480, kwa hiyo gigabiti kamili usiitarajie. Kwa kuvinjari na kuchapisha hutaona tofauti.

Baada ya kuweka mpya, ile iliyokufa izime kwenye BIOS. Kama BIOS haina sehemu hiyo, iondoe kwenye mipangilio ya mtandao, na kama imeendelea kusumbua, zuia draiva yake kwa faili dogo ndani ya `/etc/modprobe.d/`, mradi kadi mpya haitumii draiva hiyohiyo. Ukiiacha ikiorodheshwa kama kadi ya lazima, systemd itaisubiri ipate kebo kila unapowasha mashine, na hapo huwa inangoja hadi dakika mbili kabla ya kukata tamaa na kuendelea.